Mtoto wa Pili Si Nyongeza

Ukinunua fungu la nyanya katika soko lolote la Kampala, hulipi ukaondoka hivihivi. Unasimama kidogo, unamtazama muuzaji usoni, unamwambia, "Mama, niongeze." Naye atanung'unika, kisha atatupia mbili juu ya fungu. Waganda wanaiita nnyongeza, na sisi tunaozungumza Kiswahili mjini humu hatuhitaji mkalimani.

Binamu yangu, anayeuza vitenge Busia, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, alitumia neno hilohilo kunieleza jinsi alivyopata mapacha. Baada ya miaka tisa ya ndoa bila mtoto, yeye na mumewe waliuza kiwanja wakaja Kampala kupandikiza mimba. Mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba. Siku ya kuweka tumboni viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa maabara na kuanza kukua, waliambiwa kwamba vitano vimekua vizuri. Wangeweza kuwekewa kimoja au viwili. Bei ni ileile. Vitakavyobaki vitagandishwa, na siku wakitaka kimoja kiyeyushwe na kuwekwa, hiyo ni ada nyingine.

"Sasa kaka," aliniuliza, "wewe ungekataa nyongeza?"

Nisingekataa. Mtu aliyeuza kiwanja hakatai. Simlaumu yeye, na wala sidhani kama daktari alimdanganya. Bei ilikuwa ileile kweli, siku ile, kwenye kaunta ile. Deni la mtoto wa pili lilikuja kuandikwa katika jengo lingine, karibu miezi saba baadaye.

Wiki ya 32 miguu ilimvimba, kichwa kikamgonga, macho yakaanza kuona vimulimuli. Presha ilikuwa juu na mkojo ulikuwa na protini, yaani kifafa cha mimba kilikuwa kinabisha hodi. Alipasuliwa usiku uleule. Wa kwanza alikuwa na kilo moja na nusu, wa pili kilo moja na robo. Walikaa wiki tano katika chumba cha watoto njiti.

Nilipokwenda kuwaona, shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi la korido na kavera jeusi, mfuko wa plastiki, mapajani, limejaa risiti. Oksijeni, kwa siku. Mipira ya kulishia kupitia puani. Dawa ya kumkumbusha mtoto kupumua, kwa sababu mtoto wa umri huo anaweza kusahau. Vipimo vya manjano. Mtaalamu wa macho, kwa kuwa mishipa ya nyuma ya jicho la njiti inaweza kuota vibaya ikamwachia upofu. Kila risiti ilikuwa na pacha wake. Shemeji alikuwa amezipanga kwa tarehe na kuzifunga kwa raba, kama mtu anayetarajia kurudishiwa pesa. Na nani?

Siku hizi kila redio ina kipindi cha uzazi, na kila kipindi kina picha ya mapacha wamevalishwa sare kwenye ukurasa wake. Sijawahi kuona kliniki ikitangaza biashara yake kwa picha ya mtoto mmoja aliyezaliwa wiki ya 39, mnene, aliyelala, asiye na habari. Huyo ndiye matokeo bora zaidi ambayo sayansi hii inaweza kutoa, lakini hauzi.

Tukumbuke jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Mwanamke huchomwa sindano kwa siku kumi hivi ili mayai mengi yakomae pamoja badala ya moja la kila mwezi. Mayai hutolewa, hukutanishwa na mbegu za kiume maabara, na yaliyorutubishwa huachwa yakue siku tatu hadi tano. Kisha mtu mwenye glavu huchukua mrija mwembamba na kuingiza kiinitete kwenye mfuko wa uzazi. Kimoja, au viwili, au vitatu. Mapacha wa asili ni kudra. Hawa, isipokuwa mara chache kiinitete kimoja kinapojigawa chenyewe, wamehesabiwa na mkono wa binadamu.

Wanaotetea viwili wana hoja moja nzito: nafasi ya kupata mimba huongezeka. Ni kweli, ila inategemea unahesabu vipi. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa nchi za Skandinavia uliofuatilia wanawake 661 walio chini ya miaka 36. Nusu waliwekewa viinitete viwili kwa mpigo. Nusu waliwekewa kimoja, na kisipokaa, wakawekewa kingine kilichogandishwa. Waliopata mtoto hai katika kundi la viwili walikuwa asilimia 42.9, na katika kundi la kimoja-kimoja asilimia 38.8. Tofauti ni ndogo. Lakini kati ya waliozaa, theluthi moja ya kundi la kwanza walizaa zaidi ya mtoto mmoja. Kundi la pili hawakufika hata mmoja katika mia. Kwa maneno ya sokoni, subira ya mwezi mmoja au miwili ilipunguza kidogo sana nafasi ya kuitwa mama, ikaondoa karibu hatari yote ya mapacha.

Mtu ataniuliza, hatari gani? Mapacha ni baraka.

Ni baraka, na tumbo la binadamu limeumbwa kwa mmoja. Likivutwa na wawili, uchungu huanza mapema. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Kondo kubwa, au makondo mawili, huongeza uwezekano wa kifafa cha mimba mara mbili au tatu. Damu ya mama hupungua nguvu kwa kuwalisha wawili. Na baada ya kujifungua, mfuko wa uzazi uliotanuka kupita kiasi hushindwa kujikaza upesi, na hapo ndipo damu hutoka bila kusimama. Hapa kwetu damu ya akiba hutegemea sana wanafunzi wa sekondari wanaochangia shuleni. Shule zikifungwa, akiba hushuka. Mjamzito wa mapacha anayeangukia likizo ya Desemba ana jambo la ziada la kuomba katika sala zake.

Kwa watoto wenyewe kuna takwimu moja ambayo sijawahi kuisikia kwenye vipindi vya redio. Watafiti waliochambua nchi 30 za Afrika kusini mwa Sahara waliona kwamba, kati ya 2009 na 2014, katika kila mapacha 1,000 waliozaliwa hai, 213 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa watoto waliozaliwa peke yao walikuwa takriban 73. Mmoja kati ya watano, tena katika bara ambalo linaongoza kwa mapacha wa asili, linalowajua, lenye majina yao na ngoma zao. Wengi katika hesabu hiyo walizaliwa vijijini, mbali na kliniki yoyote ya kupandikiza. Mapacha wa kliniki wana wazazi wenye uwezo kidogo na daktari wa kumpigia simu. Lakini mapafu yasiyokomaa hayajui kama baba yake aliuza kiwanja.

Uganda imepiga hatua, tusijidharau. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo vya wajawazito vimeshuka hadi 189 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 336 mwaka 2016. Vifo vya watoto wa chini ya mwezi mmoja vilishuka kutoka 27 hadi 22 kwa kila 1,000. Hatua za namna hiyo husaidiwa na mambo ya kawaida: wakunga, sindano ya kukomaza mapafu, joto, maziwa ya mama. Mashine za kupumulia na vitanda vya njiti ndivyo bado haba. Kwa hiyo tunapotengeneza njiti wawili kwa makusudi, tunawapeleka kwenye foleni ileile aliyopanga mama wa mtaa wa Kawempe ambaye hakuchagua chochote. Hili nalisema kwa uangalifu, maana najua litawauma wazazi waliohangaika. Lakini kitanda ni kimoja.

Twende kwenye jambo ambalo madaktari wa nje hawalioni, na ndilo hasa linalosukuma watu kusema "weka viwili".

Mgumba kwa Kiswahili, omugumba kwa Kiganda. Neno ni moja na uchungu ni uleule. Mwanamke aliyeitwa hivyo kwa miaka kumi, nyuma ya mgongo na wakati mwingine usoni, akizaa mtoto mmoja anakuwa mama wa fulani. Akizaa mapacha, Buganda inampa cheo: Nnalongo. Mumewe anakuwa Ssalongo. Majina ya watoto yanawasubiri tayari, Wasswa na Kato, Babirye na Nakato. Aliyewatangulia anageuka Kigongo na atakayewafuata ataitwa Kizza, kana kwamba familia nzima imepangwa upya kuwazunguka. Ukivuka Bunyoro utakuta Isingoma na Kato. Ukienda kwa Waacholi, Opio na Ocen. Nnalongo sokoni husalimiwa tofauti. Kutoka mgumba hadi Nnalongo kwa usiku mmoja ni kupanda ngazi zote bila kukanyaga ya kati. Hakuna karatasi ya ushauri wa kitabibu itakayoshindana na hilo ikiwa inasomwa kwa dakika kumi na mtu aliyevaa koti jeupe.

Na ndiyo maana habari ya Safina Namukwaya ilipokelewa kwa shangwe. Tarehe 29 Novemba 2023, akiwa na miaka 70, alijifungua mapacha, msichana na mvulana, kwa upasuaji katika hospitali ya uzazi ya Dkt. Edward Tamale Sali hapa Kampala. Miaka mitatu kabla alikuwa amezaa binti kwa njia hiyohiyo. Dunia nzima iliandika umri wake. Wachache waliishia kwenye mistari ya chini ya habari: watoto walizaliwa wiki ya 31 na wakawekwa kwenye mashine za joto, na mama mwenyewe aliwaambia waandishi kwamba mwanamume wake hakuwa amefika kumwona tangu alazwe. Namheshimu mama yule. Aliyachukua maneno ya miaka mingi akayajibu kwa tumbo lake. Nilichosubiri bila kukipata ni mwandishi mmoja wa kuuliza, kwa mwanamke wa umri ule, mwenye yai la mwanamke mwingine aliyejitolea, kwa nini wawili?

Swali hilo lina maana zaidi ya linavyosikika. Uwezo wa kiinitete kukaa hutegemea umri wa yai kuliko umri wa tumbo. Yai la mwanamke wa miaka 25 likiwekwa katika tumbo la mwanamke wa 50 lina nguvu za 25. Hapo hoja ya "tuweke viwili ili angalau kimoja kikae" ndipo inapokuwa dhaifu zaidi, na hatari kwa moyo na mishipa ya mama ndipo inapokuwa kubwa zaidi. Kinyume chake, mwanamke wa miaka 42 anayetumia mayai yake mwenyewe, aliyeshindwa mara mbili, ana sababu ya kweli ya kuomba viwili, na sitaki sheria itakayomfungia mlango huyo. Mwenzake wa miaka 29 mwenye viinitete vitano vizuri hana sababu hiyo. Ana bei tu.

Na bei ndiyo inayoamua. Jaribio moja Kampala kwa kawaida hutajwa kuwa kati ya shilingi milioni 15 na 20, bila kuhesabu nauli, chumba cha kulala na siku ambazo duka limefungwa. Bima karibu zote hazigusi jambo hili, na Waganda wenye bima yoyote ni wachache mno. Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021. Rais hakuutia saini. Kwa hiyo mtu analipa mfukoni, mara moja, kwa pesa ambayo haitarudi. Mtu wa namna hiyo akiambiwa wawili kwa bei ya mmoja, umemwekea mtego hata kama hukukusudia.

Ubelgiji walielewa hili mwaka 2003. Serikali ilikubali kulipia gharama za maabara kwa majaribio sita kwa mwanamke ambaye hajafikisha miaka 43, kwa sharti moja: idadi ya viinitete ipunguzwe, na mwanamke wa chini ya 36 aanze na kimoja. Hawakufanya hivyo kwa huruma pekee. Walipiga hesabu wakaona pesa inayookolewa kwenye vyumba vya njiti inatosha kulipia maabara. Uswidi iliweka kanuni ya kiinitete kimoja mwaka uleule. Uingereza, ambako karibu robo ya wazazi wa njia hii mwaka 2008 walizaa mapacha au zaidi, ilishuka chini ya mmoja katika kumi, na idadi ya wanaopata watoto haikuporomoka.

Marekani, ambako wengi hulipia kupandikiza mimba kivyao, ilionyesha upande wa pili wa sarafu. Uchambuzi uliochapishwa 2013 ulikuta kwamba gharama za matibabu ya mama na mtoto mmoja, hadi anapotimiza mwaka, zilikuwa takriban dola 21,000. Kwa mapacha, dola 105,000. Kwa watatu zilizidi 400,000. Angalia hesabu hiyo vizuri: wawili hawakugharimu mara mbili, waligharimu mara tano. Bei zetu ni nyingine kabisa, lakini sura ya ngazi ni hiyohiyo, kwa kuwa kinacholipiwa si mtoto wa ziada, ni wiki alizokosa tumboni.

Mwaka 2023 Sarah Opendi, wakati huo mbunge mwanamke wa Wilaya ya Tororo, alianzisha muswada wa teknolojia ya uzazi. Kila ninapousikia ukijadiliwa, mjadala huishia kwenye kukodisha tumbo na nani ana haki ya kuomba huduma. Ni maswali makubwa na yanapendeza redioni. Mimi ningebadilishana saa zote hizo kwa vifungu viwili vya kuchosha. Kwanza, bei ya kliniki itajwe kama kifurushi: kuweka kimoja, na kisipokaa, kuyeyusha na kuweka cha pili bila ada mpya. Pili, kliniki inapotangaza mafanikio yake, ihesabu watoto waliozaliwa mmoja-mmoja wakiwa wametimia, si vipimo vya mkojo vilivyoonyesha mistari miwili. Kliniki inayohesabu mimba itaweka viwili. Inayohesabu watoto wazima itafikiri upya. Kikomo cha sheria kinaweza kufuata, lakini kikomo bila kugusa bei kitawapeleka watu kliniki za kichochoroni.

Na vichochoro vipo. Mwaka jana nilisimama nyuma ya msichana kwenye duka la dawa akiomba Clomid, dawa ya kukomaza mayai, "ya kupata mapacha", na akauziwa bila kuulizwa hata cheti. Dawa hiyo ni nzuri mikononi mwa daktari. Miongoni mwa wanaoshika mimba kwa dawa hiyo, takriban saba katika kila mia hupata mapacha, na sindano za kukomaza mayai huzidisha zaidi ya hapo. Tofauti ni kwamba maabara unaweza kusema "kimoja". Kidonge ukishameza, bila ultrasound ya kuhesabu mayai yanayokomaa, hujui umeagiza wangapi. Msichana yule alipewa vidonge kwenye bahasha ya kaki, akaombwa arudi kutoa ushuhuda.

Watoto wa binamu yangu sasa wanatembea. Mdogo alichelewa kukaa na bado hukohoa kila mvua zinapoanza, lakini wapo, na ukifika dukani watakuvuta suruali. Wakiwa hospitali, muuguzi alimfundisha shemeji kumbeba mmoja kifuani, ngozi kwa ngozi, huku mama akiwa na mwingine, kwa sababu kifua cha mama ni kimoja na watoto ni wawili. Alikaa hivyo saa nyingi, shati limefunguliwa vifungo, mtu mzima wa Busia mwenye aibu zake, akisikiliza kama mtoto anapumua.

Mwezi uliopita walitumiwa ujumbe wa simu: ada ya mwaka ya kuhifadhi viinitete vitatu vilivyobaki imefika. Binamu alipiga kuuliza, akitaka kuwekewa kimoja tu, ni kiasi gani. Wakamtajia. Alinipigia mimi usiku, akaniambia nisubiri kwenye simu, nikasikia kavera likifunguliwa. Bei ile ilikuwa ndogo kuliko risiti za oksijeni za siku kumi za kwanza.